Dada Kinue na mitungi ya waliofiwa

Mkono wa kulia wa Kinue Shigematsu umezama kwenye pumba hadi nusu ya kigasha. Anausukuma taratibu mpaka chini ya mtungi, anaukunja, anauinua, na pumba za chini zinakuja juu zikiwa na unyevu na joto kidogo. Anarudia. Macho ameyafumba nusu, kama mama anayepapasa gizani kumtafuta mtoto kwenye shuka.

Ni Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa Machi. Soko letu la Kokura limejengwa juu ya mto, na saa hizi, kabla wateja hawajafurika, maji yanasikika yakipita chini ya mbao za sakafu. Ukungu unapenya kwenye nyufa na kutambaa miguuni. Kibanda kina harufu yake ambayo huipati kwingine: chumvi, mchele mbichi, uchachu wenye utamu ndani yake, na mvuke wa vibua wanaochemka kwenye sufuria ya mumewe, Tokuji.

"Huyu kaamka vizuri leo," Kinue anasema. Anazungumzia pumba.

"Na mimi nimeamka vizuri, asante kwa kuniuliza," Tokuji anajibu kutoka kwenye mvuke. "Miaka yote hii ya ndoa, mtungi ndio unaanza kusalimiwa."

Kinue ana umri wa miaka sitini na sita, lakini sokoni kila mtu humwita Dada, hata watoto wa shule. Ndio ustaarabu wa soko, mwanamke wa kibandani hazeeki. Anauza achari za matango, figili na bilinganya zilizolazwa ndani ya pumba za mpunga zilizochachuka. Pakiti moja ni yeni mia tatu, na katika mwaka wa kwanza wa korona kuna siku alirudi nyumbani akiwa ameuza pakiti nne.

Pumba zenyewe haziuzwi. Zinarithiwa. Bibi humpa mama, mama humpa binti anapoondoka nyumbani, na kila siku ya Mungu ni lazima mkono wa mtu uingie uzigeuze, la sivyo zinaoza. Hapa mjini ziko nyumba zenye mitungi iliyoanza kabla ya vita, na wenyewe hukusimulia habari zake kama wanavyosimulia habari za babu.

Akimaliza na mtungi wake, Kinue anajisuuza mkono, anachukua mwiko mrefu wa mbao na kusogea kwenye rafu ya nyuma. Pale ipo mitungi minne ambayo si yake. Hiyo haigusi kwa mkono hata siku moja.

"Hii ina wenyewe," anasema huku akizungusha mwiko. "Mkono wa mtu una vijidudu vyake, vizuri tu, vya nyumbani kwake. Nikiingiza wangu humu kila siku, mwezi ukiisha hii ni achari yangu. Sasa hapo nimewatunzia nini? Nimewaibia."

Wenyewe ni watu waliofiwa na mama zao au baba zao wakati wa korona.

Haikuanza kama mpango. Mwanamume mmoja alifika kibandani na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akasimama mbali kama tulivyokuwa tukisimama siku zile. Alisema mama yake amefariki, kwamba ndoo ile hawezi kuitupa na hawezi kuifungua. Kinue akampokea. Hakumwuliza jina. Wiki iliyofuata akaja mwanamke na mtungi, kisha ndugu wawili waliokuwa wakigombana nani auchukue na nani asiuchukue.

"Watu wakasikia," anasema. "Ikafika mahali Tokuji anakosa pa kuweka miguu."

"Nilikuwa nakula nimesimama," Tokuji anadakia. "Wageni kumi na moja, hata mmoja hajui kuosha sahani."

Kinue hakumtoza mtu yeyote hata yeni moja. Anasema si wema. Mtu akileta mtungi lazima arudi kuuangalia, na akirudi hukaa kwenye kigoda kilichopo hapo kando, akapewa chai ya shayiri na kipande cha kibua, akakaa.

"Mtungi una cha kuangaliwa?" Kinue anauliza. "Pumba ni pumba. Mimi nilikuwa nawaangalia wao."

Mingi imeshakwenda nyumbani. Katika hii minne iliyobaki, uliomkosesha usingizi juma hili ni ule wa udongo wa kahawia wenye ufa uliozibwa mdomoni. Ni wa Chizuru Eto.

Chizuru alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, mwanamke mwenye sauti ya kufika mwisho wa soko. "Akinunua vibua wawili, anapiga soga za vibua ishirini," anasema Kinue. Mtungi alipewa na bibi yake siku alipoolewa. Alifariki katika kiangazi cha pili cha korona, akiwa na miaka hamsini na miwili, akamwacha mumewe Morio na binti yao wa pekee, Wakana.

Morio ni msambazaji wa vifurushi. Wakati sisi wengine tumejifungia ndani tukiagiza hiki na kile, yeye alikuwa akipanda na kushuka ngazi zetu tangu asubuhi hadi jioni. Ndiye aliyeanza kukohoa nyumbani kwao. Chizuru akafuata, na yeye ndiye aliyezidiwa. Gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua, Morio na Wakana waliambiwa wasitoke nje, maana nao walikuwa na homa.

"Mama aliondoka na kandambili," Wakana anakumbuka. Ana miaka ishirini na minne sasa, mwembamba, anaongea akitazama mto kupitia upenyo wa mbao. "Akageuka mlangoni akasema, geuzeni pumba, mimi narudi. Basi. Hakusema nawapenda wala nini. Geuzeni pumba."

Hakurudi. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi, lakini wahenga hawakuiona korona, mwaka ambao watu walikufa wengi na kila mmoja akafa peke yake. Chizuru aliagwa kwa simu iliyoshikwa na muuguzi, na picha ilikuwa ikikatika.

Huku kwetu mtu akishateketezwa, ndugu husimama pamoja wakaokota mifupa yake kwa vijiti, wawili wawili, na kuiweka kwenye chombo. Ni kazi ya mwisho ambayo mikono ya mtu humfanyia mpendwa wake. Mwaka ule familia hazikuruhusiwa. Chizuru aliletwa nyumbani akiwa ameshawekwa kwenye chombo, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Watu waliovaa mavazi ya plastiki walikiweka kizingitini, wakainama, wakarudi nyuma.

"Nikasaini," Morio anasema. "Kama watu wanavyonisainia mimi."

Anasema hivyo bila kupandisha sauti. Ni mtu mpole, mabega mapana, na mikononi amevaa glavu nyembamba za mpira. Amezivaa tangu kiangazi kile. Anazivaa kazini, anazivaa mezani, anazivaa hata mwezi wa Agosti jua linapokaanga lami. Chini ya glavu ngozi imechanikachanika kwa vitakasa mikono. Kila mtu hapa sokoni anajua sababu, na hakuna aliyewahi kuitaja mbele yake. Morio anaamini mikono yake ndiyo iliyoleta ugonjwa ndani ya nyumba.

Lakini pumba waligeuza. Hapa pana kosa ambalo lingechekesha kama lisingeumiza. Kila asubuhi na kila jioni Morio alipuliza spiriti mikononi, akavaa glavu, akapuliza spiriti juu ya glavu, ndipo akageuza pumba za mkewe. Mdomo wa mtungi akaupangusa kwa spiriti. Siku za mwisho alinyunyiza kidogo hata juu ya pumba zenyewe, kwa usalama. Alikuwa akizilinda. Pumba huishi kwa vijidudu vya mkono, na yeye kwa upendo wake wote alikuwa akiviua mara mbili kwa siku.

Wala hawakugundua, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umewanyang'anya wote wawili uwezo wa kusikia harufu. Karantini ilipokwisha, jirani yao Bi Yoshitake alifika kutoa pole. Alisimama mlangoni, akakunja pua.

"Jamani, mnapaka rangi kucha humu?" akauliza.

Pumba zinazooza hunuka hivyo. Wakana akaenda jikoni, akafunua mtungi. Juu palikuwa na utando mweupe wenye madoa ya waridi na meusi.

"Nikamwambia baba, umemuua tena," anasema. Chini ya sakafu mto unaendelea na safari yake. "Nilisema 'tena'. Kaneno kamoja. Kama ningesema umeharibu mtungi, tungegombana yakaisha. Lakini nilisema 'tena'."

Siku hiyohiyo aliufunga mtungi nyuma ya baiskeli kwa mkanda wa koti la baba yake na kuusukuma hadi sokoni. Kinue aliukwangua utando kwa mwiko, akakwangua pumba zilizokufa chini yake, akaendelea kukwangua akidhani amechelewa. Karibu na tako la mtungi akakuta ngumi moja ya pumba zenye rangi nzuri. Akazinusa. Zilikuwa hai.

"Nilikaa chini kabisa," anasema. "Tokuji alidhani nimeanguka."

Ngumi hiyo aliiongezea pumba mpya, chumvi, kipande cha mwani na pilipili. Kwa majuma kadhaa alilaza humo majani ya nje ya kabichi na kuyatupa, akalaza mengine akayatupa, mpaka uchachu ukarudi. Tangu hapo mtungi wa Chizuru unaishi rafuni. Unaishi, lakini Kinue anasema umelala. Mwiko unauzuia usife, lakini hauwezi kuuamsha. Tango lililotoka humo lina chumvi na uchachu, na halina mtu.

Na wenyewe nao walikuwa wamelala vivyo hivyo. Baba na binti wanaishi nyumba moja, lakini Morio alikuwa akija kuuangalia mtungi kila Jumatano, Wakana kila Jumamosi. Kila mmoja alimwuliza Kinue habari za mwenzake. Anakula? Anasemaje? Nyumbani Morio hupika wali na supu, huweka trei mbele ya mlango wa chumba cha binti, hugonga, halafu hurudi nyuma hatua kadhaa. Ndivyo alivyofundishwa kupeleka vifurushi enzi za korona, na hakuacha.

"Sikutaka anikaribie akaniambukiza huzuni," Wakana anasema, halafu anatikisa kichwa. "Uongo. Nilitaka anishike hata mkono. Nilikuwa naona haya kuomba, baada ya nilichosema."

Uwezo wake wa kusikia harufu haujarudi sawasawa hadi leo. Wa baba ulirudi mapema. Kwa Wakana, kahawa inanuka kama mpira ulioungua, na pumba hazinuki kabisa. "Ila ndotoni nasikia," anasema. "Naota niko jikoni, mama kafunua mtungi, na harufu inakuja. Nzima kabisa, na ile ya pilipili ndani yake. Nikiamka naivuta, naivuta, hakuna. Asubuhi zingine nakaa kitandani nimefumba macho, nasema labda ikidhani bado nimelala itarudi."

Mwezi uliopita Wakana alipata kazi katika kiwanda cha taulo huko Imabari, ng'ambo ya bahari. Meli yake ni kesho. Jumamosi iliyopita alimwambia Kinue kwamba ataondoka na mtungi wote. Baba hana haja nao, alisema, hata kuugusa hawezi.

Hapo ndipo Kinue alipokosa usingizi. Akiondoka na wote, Morio atabaki kwenye nyumba ile na chombo cha mifupa ambayo hakuiokota, na Jumatano zake hazitakuwa na pa kwenda. Binti naye atavuka bahari na neno lake moja kifuani. Kinue hana watoto. Anasema amewahi kuwaona watu wakiachana hivyo, kwa adabu, bila ugomvi, na wasirudi.

Kwa hiyo alifanya ujanja. Alimwambia Wakana aje leo, na Jumatano akamwambia Morio aje leo. Hakumwambia yeyote kuhusu mwenzake.

"Labda nimeharibu," ananong'ona, akipangusa meza ambayo haina uchafu. "Mama mtu mzima, najitia ushenga."

Wakana anafika kwanza na kopo jipya la bati lenye mfuniko. Hajakaa vizuri, Morio anatokea kwenye ukungu, akiwa na barakoa na glavu zake. Wanatazamana. Morio anainamisha kichwa kama anavyowainamia wateja.

"Hukuniambia unakuja," binti anasema.

"Hata wewe."

"Karibu, Baba Wakana," Tokuji anaita kwa sauti ya kuvunja barafu. "Umekuja kula au kunifanyia upasuaji? Maana kwa hizo glavu nimeshaanza kuogopa."

Hakuna anayecheka, ila mabega ya Morio yanashuka kidogo. Kinue anautoa mtungi rafuni na kuuweka mezani katikati yao. Anafunua.

"Wakana anaondoka kesho," anasema. "Ataondoka na pumba za mama yake."

"Achukue," Morio anajibu. "Achukue zote. Nimeshakwambia, Dada. Kwangu zitakufa tena."

Lile neno limejitokeza lenyewe, na wote wawili wanalisikia. Wakana anashika kopo kwa mikono miwili.

"Basi Dada, nichotee," anasema haraka.

"Mimi si mama yako."

"Basi nijichotee mwenyewe."

Kinue anauweka mkono wake juu ya mdomo wa mtungi. Ni mara ya kwanza mkono wake kuzikaribia pumba hizo kiasi hicho. "Mwanangu, pumba hujichotei. Unachotewa na mtu wa nyumbani kwako. Bibi alimchotea mama yako kwa mkono wake, akamtilia kwenye mtungi huu. Ukijichotea mwenyewe umenunua dukani tu. Hapa hapatoki kitu mpaka wa nyumbani kwako achote."

Wa nyumbani kwake ni mmoja tu duniani. Morio ameelewa, na anarudi nyuma hatua moja.

"Dada, unajua mikono hii imefanya nini," anasema.

"Sijui," Kinue anajibu. "Na wewe hujui. Unadhani. Chizuru alikuwa anapikia watoto themanini, alikuwa anapanda treni, alikuwa anakuja hapa kupiga soga. Huenda ni mimi. Umewahi kufikiria kuwa ni mimi?"

Ni dhahiri Morio hajawahi kufikiria.

"Baba," Wakana anasema. "Lile neno nililokwambia."

"Ulisema kweli."

"Sikusema kweli. Nilikuwa na hasira, na humo ndani hakukuwa na mtu mwingine wa kukasirikia. Ulikuwa wewe tu. Kama ungekuwepo ukuta ningeuambia ukuta." Anafuta pua kwa kiganja. "Nimetaka kukwambia siku zote hizi. Kila nikisikia unagonga mlango nasema leo nitamwambia, halafu nafungua nakuta trei."

Mteja mmoja amesimama anataka bilinganya. Tokuji anamfanyia ishara ya macho, na mteja, mama wa hapahapa Kokura, anaitazama meza, anamtazama yule mwanamume mwenye glavu, anaelewa. Anajifanya anachagua vibua.

Morio anavua glavu ya kulia. Inachukua muda, maana imegandamana na ngozi. Mkono unaotoka ni mweupe, umekunjamana, na una mipasuko myekundu kwenye vifundo vya vidole. Anauangalia kana kwamba ameazimwa. Kinue anamwonyesha bomba. Anausuuza kwa maji matupu na kurudi, vidole amevitenganisha, hajui avipeleke wapi.

Kisha anauingiza.

"Inauma," anasema.

"Ni chumvi," Kinue anamwambia. "Itauma leo na kesho. Teremka mpaka chini. Chota za chini, ndizo zake."

Kigasha kinazama. Morio anafika chini ya mtungi, na badala ya kuchota anabaki hivyo. Ukungu umeanza kung'aa, jua limeupata mto huko nje, na mwanga wa maji unapenya kwenye mbao na kuchezacheza darini, juu ya vichwa vyao, kwenye mvuke wa Tokuji. Kwa kitambo kibanda kizima kinaonekana kama kinaelea. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kazi yoyote.

"Kuna joto huku," anasema hatimaye.

"Lipo siku zote," Kinue anajibu.

Morio analia bila sauti, mkono ungali ndani. Wakana anasogea, anasimama ubavuni mwake, begani kwake, na wote wanaangalia ndani ya mtungi. Kisha Morio anainua ngumi ya kwanza ya pumba na kuitia kwenye kopo la binti yake. Anaiongeza ya pili. Anafikiri, anaongeza na ya tatu, ndogo, na kuibonyeza kwa kiganja ili isiingie hewa, kama alivyomwona mkewe akifanya.

"Inanukaje?" Wakana anauliza.

Morio anateremsha barakoa. Anainama juu ya kopo na kunusa. Uso wake unabadilika.

"Sijui nisemeje. Inanuka jikoni," anasema. "Inanuka mama yako akiwa na haraka."

"Haraka kivipi?"

"Chumvi imezidi."

Wakana anacheka. Ni kicheko cha ghafla, kikubwa, cha kufika mwisho wa soko, na watu wa vibanda viwili vya jirani wanageuza shingo. Kinue anasema hajakisikia kicheko cha namna hiyo hapa tangu kiangazi kile.

"Andika kwamba nililia," anamwambia mwandishi baadaye. "Tokuji naye alilia. Atakwambia ni mvuke. Wewe andika alilia."

Wanakula matango ya mtungi huo kabla hawajaondoka, wamesimama, kila mmoja akimkatia mwenzake. Matango yenyewe, kwa haki, hayajafika. Kinue anasema mkono wa mara moja hauwezi kuamsha kitu kilicholala miaka, Morio atalazimika kuugeuza kila siku mpaka kiangazi ndipo aanze kula kitu kinachofanana na cha Chizuru. Na cha Imabari, huko kwenye maji mengine na mkono mwingine, kitakuja kuwa na tabia yake.

"Sitakuwa nakuja tena Jumatano, basi," Morio anasema, akiubeba mtungi.

"Nani kasema?" Tokuji anamjibu. "Mtungi umechukua, vibua umenunua?"

Wanaondoka kuelekea upande wa daraja, baba na mtungi kifuani, binti na kopo. Pumba zimemkaukia Morio mkononi mpaka kwenye kiwiko. Wakana anasema kitu, baba anainama ili asikie, na binti anaushika mkono uleule wenye pumba. Hauachi mpaka wanapopotelea kwenye watu.

Kinue anabaki ameegemea meza. Kifundo cha mkono wake kinamuuma siku hizi, na daktari amemshauri apunguze kugeuza. Anasema atapunguza ile yake. Hii ya watu hawezi.

Mpango wake ni mmoja. Anataka rafu ya nyuma ibaki tupu kabla yeye mwenyewe hajawa mgeni wa mtu. Hataki siku atakapofariki wengine wakute mitungi ambayo hawajui ni ya nani, kisha waimwage mtoni. Miwili kati ya iliyobaki wenyewe huja, na anaamini watafika siku yao, kama Morio alivyofika.

Wa tatu ni mtungi wa kijani, wa ndugu watatu kutoka Moji, mji wa jirani, waliofiwa na baba yao. Waliuleta katika majira ya baridi, wakaja mara mbili, wakaacha kuja. Mwaka wa pili sasa. Hakuwahi kuchukua namba yao ya simu.

"Gazeti lako linafika Moji?" anauliza.

Anaambiwa linafika. Anachukua mwiko, anafunua mtungi wa kijani, anaanza kuuzungusha taratibu.

"Basi waambie uko mzima. Najua wanaona haya, wamekaa muda mrefu, wanadhani nitawauliza mlikuwa wapi. Siulizi. Na wasijisumbue kununua zawadi njiani. Waje tu, wakunje mikono ya shati."